Malkia Kwenye Suruali ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alipoinuka kwenye kiti, Malkia Victoria aliinuka naye. Alikuwa ameng'ang'ania nyuma ya suruali, upande wa kulia, ananitazama kwa lile jicho lake moja la upandeni kana kwamba mimi ndiye niliyemweka pale. Na kweli, mimi ndiye niliyemweka.

Nirudi nyuma kidogo, maana hata mke wangu nilipomweleza hakunielewa, na yeye alikuwepo.

Mimi ni mkusanyaji wa stempu. Si wa siku nyingi. Mbele ya wenye fani mimi bado ni mtoto wa chekechea, ila ujuaji ninao wa kuwatosha watu watatu. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nimeshapata kibano, lenzi, albamu mbili na kipimo cha kuhesabia meno ya stempu, yale ya ukingoni mwake. Nilikuwa pia nimeshagundua kwamba Helvetia ni Uswisi, Suomi ni Ufini na Magyar Posta ni Hungaria. Kabla ya hapo nilikuwa na ukurasa mzima wa nchi iitwayo Helvetia, nimeupanga jirani na Haiti, na nilishaanza kuionea huruma nchi ile kwa jinsi isivyotajwa kwenye habari.

Waingereza wao hawaandiki jina la nchi kabisa. Kwa kuwa ndio walioanza mchezo huu mwaka 1840, kwa ile stempu nyeusi iitwayo Penny Black, waliona kichwa cha malkia kinatosha, na mpaka leo dunia inawavumilia.

Nilikuwa nikibadilishana stempu kwa barua na mzee mmoja Mwingereza, mkusanyaji wa tangu ujana wake. Mimi nilimtumia matoleo mapya, yeye akanitumia ya kale. Mpango huu ulinifaa, maana ugonjwa wangu hasa ni matoleo mapya. Siku haipiti sijachungulia nchi gani imetoa nini. Na watu wanatoa mambo! Uswisi mwaka 2001 walitoa stempu inayonukia chokoleti. Ureno mwaka 2007 wakatoa ya gome la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Bhutan mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa stempu ambazo ni santuri ndogo; unaiweka kwenye gramafoni na wimbo wa taifa unaimba. Tonga walitoa za umbo la ndizi. Mzee wangu yule hakuvutiwa hata kidogo. Aliniandikia kwamba stempu iliyo stempu inakaa kimya na haina harufu.

Basi siku moja ikaja bahasha yake, nene kuliko kawaida. Ndani mlikuwa na mchanganyiko wa stempu zilizokatwa pamoja na vipande vya bahasha zake, na vifuko viwili vya karatasi nyembamba. Katika kifuko cha kwanza mlikuwa na stempu moja ya Uingereza ya miaka ya 1880, ya kijani iliyopauka, rangi ya dimbwi lililosahaulika, ina muhuri mweusi kichwani. Ilikuwa imeshabanduliwa, safi. Katika cha pili mlikuwa na ndugu yake wa zambarau, bado amegandia kwenye kipande cha bahasha, na nyuma yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Nikajisemea: barua nitaisoma nikimaliza kazi.

Kazi yenyewe ni kuloweka. Unachukua maji ya uvuguvugu, unatumbukiza vipande, unasubiri. Huvuti. Gundi ikilainika, stempu inateleza yenyewe. Unaitoa kwa kibano, unailaza kifudifudi kwenye karatasi ya kukaushia wino, halafu unaikandamiza chini ya kitabu kizito. Hivyo tu. Zinazosumbua ni hizi za kisasa za kubandika kama stika, mtindo ambao Sierra Leone walishautoa mwaka 1964 kwa stempu zenye umbo la ramani ya nchi yao. Za Marekani za miaka ya karibuni unaweza kuziacha majini mpaka ziote magamba, na zisibanduke.

Nilikuwa nimeshaloweka mamia. Nilikuwa fundi. Fundi hasomi maelekezo. Nikajaza beseni, nikamimina kila kitu, na kifuko cha pili nikakikung'uta humo humo: malkia wa zambarau, kipande chake cha bahasha, na ile karatasi iliyokunjwa ikafuata nyuma kama mtoto anayemkimbilia mamaye.

Niliiona ikizama. Nikaikimbilia kwa kibano, nikaifungua taratibu juu ya taulo. Wino ulikuwa umeshatawanyika. Mistari sita ya mwandiko mzuri ilikuwa imegeuka mawingu, na neno moja tu ndilo lililosalia, tena limepigiwa mstari chini: "kamwe."

Nikakaa nikifikiri. Kamwe nini?

Nilipotazama beseni, jibu lilikuwa linaelea. Maji yalikuwa na kiwingu cha zambarau, na katikati yake malkia alikuwa akiondoka. Sisemi alichanika, la. Meno yake yote yalikuwepo, muhuri wake upo, karatasi yake nzima. Ni yeye mwenyewe tu ndiye hakuwepo.

Ndipo nikafungua katalogi, mahali ambapo mwenye akili angeanzia. Stempu za Uingereza za mwaka 1883 na 1884, za zambarau na kijani, zilichapwa makusudi kwa wino unaokimbia maji. Watu walikuwa na mchezo wa kuosha muhuri ili stempu itumike mara ya pili. Hata Penny Black iliponzwa na hilo: muhuri wake mwekundu ulifutika kirahisi, ndiyo maana mwaka 1841 wakageuza, stempu ikawa nyekundu na muhuri mweusi. Miaka arobaini baadaye wakaona wamalize kabisa. Ukijaribu kuosha muhuri, unaosha stempu. Yaani ule mtego ulitegwa kwa ajili ya walaghai, ukakaa zaidi ya karne nzima bila kupata mtu, mpaka nikaja mimi na beseni langu, sina hata barua ya kutuma.

Nililia? Sikulia. Nilitazama ukuta kwa muda, basi.

Lakini wa kijani alikuwa hai. Nikaapa kwamba huyu hataguswa na tone. Nikaamua nimweke kwenye albamu saa ile ile, kabla sijajifunza kitu kingine. Kwa stempu iliyokwisha tumika tunatumia kishikizo, kijikaratasi chembamba chenye gundi, kinakunjwa: upande mmoja unashika mgongo wa stempu, upande wa pili unashika ukurasa. Unalamba kidogo kwa ncha ya ulimi. Nikafunga pumzi, nikalamba upande wa kwanza, nikaupachika mgongoni mwa malkia. Vizuri. Meza ilikuwa imejaa karatasi zilizolowa, kwa hiyo nikamlaza kifudifudi kwenye kiti cha pembeni, kikavu kabisa. Nikalamba na upande wa pili wa kishikizo, nikageuka kuvuta albamu.

Mlango ukagongwa.

Baba mkwe wangu ni mtu wa usafi. Simsemi vibaya; ni mtu wa usafi kupita kiasi. Hutembea na leso mbili, moja ya kwake na moja ya dunia. Picha ikiwa imepinda ukutani kwako, ataipindua mpaka inyooke, kisha ataipangusa. Huwa hakai kwenye kiti kabla hajakifuta. Siku ile, kwa sababu nisizozijua mpaka leo, hakukifuta. Mke wangu alisema, "Karibu, Baba, kaa," nami nilikuwa nimeinama na beseni mikononi, na nilipoinua macho alikuwa ameshakaa. Baadaye alimwambia bintiye kwamba hakufuta kwa kuniheshimu, kwa kuwa mara iliyopita alihisi nilichukia.

Aliketi dakika ishirini. Gundi ya kishikizo inahitaji sekunde chache tu.

Alipoinuka kunyoosha picha, ndipo nilipomwona malkia. Mkunjo wa kishikizo ulikuwa ukifanya kazi yake barabara, stempu inainuka na kushuka kama bawa kila alipopiga hatua. Sasa niambie, ungefanyaje? Kiswahili kina maneno mengi ya sehemu ile ya mwili, mengine mazuri tu, na hakuna hata moja ambalo mkwe anaweza kulitamka mbele ya baba wa mkewe. Nilijaribu kichwani. "Baba, una stempu kwenye..." Kwenye nini? Kwenye makao makuu?

Nikaamua nimchukue kimyakimya. Nilikuwa na kibano. Kilichohitajika ni yeye asimame, anipe mgongo, na ashughulike na jambo.

"Baba," nikasema, "njoo nikuonyeshe matoleo mapya."

Hajawahi kuniuliza chochote kuhusu stempu tangu nimwoe mwanawe, lakini ni mtu wa adabu, akaja. Nikamfungulia kurasa, nikamsimamisha mbele ya rafu, mimi nikapita nyuma.

"Hii ya Austria ya mwaka 2020," nikasema huku nikipiga magoti taratibu, "imechapwa juu ya karatasi ya chooni. Ilikuwa wakati wa korona."

"Ya chooni?"

"Ya chooni kabisa, Baba. Ina picha ya mtoto wa tembo. Walitumia urefu wa mtoto wa tembo kuwafundisha watu waachane umbali gani."

Umbali wangu mimi ulikuwa mfupi zaidi. Kibano kilikuwa kimebakiza upana wa kidole. Mkono unatetemeka. Nikafunga jicho moja kulenga.

"Na wewe unaihifadhi?" akauliza, akageuka.

Nikawa nimepiga magoti mbele yake, kibano kimenyooka, jicho moja limefumba. Nyuma yake mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na trei. Hakuna aliyesema neno. Nikaokota kitu sakafuni, kitu ambacho hakikuwepo, nikakitia mfukoni.

Mara ya pili nilijaribu kumsindikiza, nikitembea nyuma yake kwa ukaribu ambao hata mlinzi wa rais asingeufanya. Akasimama ghafla kuvaa viatu. Sitaki kueleza kilichotokea hapo. Kibano kilimgusa, ila si pale kilipokusudiwa. Alinitazama kwa muda mrefu, akamuaga bintiye, mimi akanipa mkono kwa mbali, akaondoka. Malkia Victoria akaondoka naye akipepea.

Mke wangu aliposikia yote hakunifariji. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akatulia, akasema neno lililonikata maini: "Ila unajua baba havai suruali mara mbili. Ikivuliwa leo, kesho asubuhi imo kwenye beseni."

Beseni tena.

Nikampigia usiku ule ule. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika maneno kwenye karatasi.

"Baba, shikamoo. Naomba ile suruali uliyovaa leo usiifue."

Kimya.

"Suruali yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Unaitakia nini?"

Karatasi yangu haikuwa na jibu la hapo. Nikasema ina kitu changu. Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza. Kisha akasema, taratibu, kama anayezungumza na mtu aliyekaa ukingoni mwa kisima: "Njoo kesho. Mapema. Mke wako umwache apumzike."

Sikulala. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake. Alinifungulia mwenyewe, ameshaoga, amenyoa, uso wake hauna hasira hata kidogo. Alikuwa anatabasamu. Nikaingia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ile suruali, kavu, imekunjwa kitini. Magoti yakaniisha nguvu kwa furaha.

"Nimekiona kikaratasi chako," akasema. "Uliposema ina kitu chako nikaangalia, nikakikuta. Ungeniambia tu jana, mwanangu, badala ya kunifukuzia na kile kikoleo."

Nikaomba radhi. Nikaomba tena. Akanipungia mkono kwamba yamekwisha, akaenda kwenye kabati, akaleta kisahani. Juu yake aliweka leso nyeupe, ile ya dunia, imekunjwa kwa uangalifu. Niliona ina doa. Doa la kijani.

"Ila hamzitunzi hizi stempu zenu," akasema huku akiifunua. "Hii ilikuwa imeota ukungu mtupu. Nimekaa nayo usiku kucha, nikiilowesha kidogo na kufuta, kidogo na kufuta." Akanisogezea kisahani. Palikuwa na kipande cheupe chenye meno, na muhuri mweusi umesimama imara juu yake, kama uliopigwa jana. "Ukungu wote nimeumaliza. Huu weusi tu ndio umenishinda, lakini niachie mpaka Jumapili."