Sumaku Imenasa, na Bado Diski ni Stenlesi

Fundi wangu ana sumaku. Aliing'oa kwenye spika mbovu, akaitundika kwa kamba ya kiatu mlangoni mwa gereji, na siku hizi ndiyo maabara na ndiyo mahakama. Wiki mbili zilizopita nilimpelekea diski mpya ya breki ya mbele ya pikipiki yangu, nimetoka kuinunua Kariakoo, bado iko kwenye nailoni yake. Kabla hajashika hata spana akaisogezea sumaku. Tap! Ikanasa.

"Umepigwa, kaka. Hii si stenlesi. Stenlesi haishiki sumaku."

Wenzake wakacheka. Jamaa mmoja aliyekuwa akijaziwa upepo, hanijui simjui, akanitikisia kichwa kama anayenipa pole ya msiba. Na mimi, niliyesoma mpaka nikavaa joho, nikageuza njia, nikarudi dukani nikafoka mbele ya wateja. Kijana wa duka alinitazama tu, akahesabu hela zangu, akanirudishia. "Sawa, mzee wangu."

Fundi naye akawa na dawa tayari. Anamjua mtu anayechonga diski za stenlesi "pyua", sumaku hainusi. Bei yake mara mbili.

Kilichoniokoa si elimu, ni ubahili. Nikaomba siku moja ya kufikiri, nikaazima na ile sumaku, nikaondoka na diski yangu kuukuu, ile iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Muda wote tuliokuwa tunahukumu diski mpya, ya zamani ilikuwa sakafuni, miguuni petu, na hakuna aliyewaza kuijaribu. Nimefika nyumbani, nikasogeza sumaku. Tap!

Jamani.

Hii habari ya "stenlesi haishiki sumaku" imetoka jikoni. Geuza kijiko kizuri, nyuma utakuta kimeandikwa 18/8 au 18/10: kromiamu asilimia 18, nikeli asilimia 8 au 10. Nikeli hiyo ndiyo inayofanya chuma kijipange ndani kwa namna ambayo sumaku hainasi. Ni stenlesi nzuri sana, haioni kutu, lakini kijiko hakijawahi kubeba mzigo mzito kuliko uji.

Diski ya pikipiki ni stenlesi ya ukoo mwingine. Kromiamu kama asilimia 12, kaboni kidogo, nikeli karibu hakuna. Ukoo huu ukiutia moto mkali kisha ukaupoza haraka unakomaa, kama mhunzi anavyolitosa panga, na sumaku inaunasa bila taabu. Ule wa kijiko utie moto mara kumi, utalegea tu. Sasa niambie wewe, kati ya hizo mbili, ipi utaifunga kwenye gurudumu ibanwe na pedi mchana kutwa? Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto, basi. Stenlesi ya kijiko ikipata joto inatanuka kuliko ya diski kwa zaidi ya nusu, na joto halisafiri upesi ndani yake, linakaa pale pale linapochomea. Shuka nayo mteremko wa Kitonga, abiria nyuma na gunia la vitunguu juu yake, halafu uniambie kama ilibaki imenyooka.

Kwa hiyo ile diski isiyonusa sumaku, ya bei mara mbili, ndiyo iliyopaswa kututisha sote pale gereji. Nilikuwa hatua moja kutoka kulipia kijiko.

Na kinachonichekesha kwa uchungu ni hiki: Harry Brearley alipoipata stenlesi yake kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, akihangaikia mitutu ya bunduki inayolika upesi, ilikuwa na kromiamu karibu asilimia 13 na nikeli hakutia. Wakaitengenezea visu. Sumaku inainasa. Mzee wa watu angefika gereji kwetu na chuma chake mkononi angeambiwa amepigwa.

Haya, nisiwe mbishi kupita kiasi. Sumaku inakwambia kitu kimoja cha maana: ikigoma kunasa pale pedi zinaposuguana, usinunue. (Katikati panapofungwa boliti, pikipiki kubwa nyingi zina aluminiamu, hapo igome tu ni sawa.) Lakini ikinasa, hujajua lolote. Inanasa stenlesi ya breki, inanasa chuma cha kusubu, kile cha kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, inanasa na bati la kawaida lililokatwa mviringo na mchomeleaji wa madirisha.

Ukitaka kujua zaidi, mwagia diski maji usiku uiache. Chuma cha kusubu na bati asubuhi vina rangi ya chungwa, kama diski za gari lililolala mvuani. Stenlesi ya breki inabaki inang'aa, ingawa sisi wa karibu na bahari tutaiona siku moja ina madoa ya kahawia, kwa sababu kromiamu asilimia 12 si kinga ya chumvi. Ile diski kuukuu unayoitupa, ipitishe kwenye grainda uone cheche: bati zinaruka ndefu, nyeupe, zinapasukapasuka, chuma cha kusubu ni fupi na nyekundu, stenlesi ni za chungwa na hazipasuki sana. Usiijaribu hivyo unayokwenda kuifunga, tafadhali. Na chukua kalipa ya kupimia upime unene, maana kipimo cha mwisho cha wembamba kimeandikwa kwenye diski yenyewe na hakuna anayekisoma.

Kuna watakaoniambia chuma cha kusubu kinashika breki vizuri kuliko stenlesi. Honda walipotoa pikipiki yao ya CB750 mwaka 1969 na diski ya stenlesi mbele, haikuchukua muda waendeshaji wa nchi za mvua wakaanza kulalamika kwamba diski za namna ile zikilowa zinachelewa kushika. Nakubali, kwa shingo upande. Pedi za siku hizi zimeimaliza sehemu kubwa ya kesi hiyo.

Nilirudi Kariakoo Jumamosi. Kijana aliniona tangu mbali, akainama chini ya kaunta, akaibuka na diski ile ile, nailoni imechanika pale nilipoichana mwenyewe.

"Karibu tena, mzee wangu. Imepanda elfu tano."

Nikalipa. Sumaku nimemrudishia fundi, nikamweleza yote haya huku akifunga diski, akawa anaitikia "mh, mh." Jana nimepita pale, amemsogezea mtu mwingine.