Mwanamuziki Anapopanda Jukwaani Peke Yake

Ninaamini kwamba wimbo wa roki haujulikani uzito wake mpaka uondolewe ngoma na besi, na onyesho nililohudhuria majuzi hapa London, katika chumba cha nyuma cha baa moja ya Brixton, limeizidisha imani hiyo. Mwanamuziki mwenyewe ni wa roki ya kujitegemea, mmoja wa wale wanaorekodi na kuuza kazi zao bila kampuni kubwa kuwasimamia, na kwa kawaida huzunguka na bendi ya watu wanne. Safari hii alikuja peke yake, na gitaa moja la umeme na amplifaya ndogo iliyowekwa juu ya kiti cha mbao.

Katikati ya wimbo wa tatu au wa nne, uzi mmoja wa gitaa ulilegea. Kama bendi ingekuwapo, wenzake wangeendelea kupiga na hakuna ambaye angetambua. Yeye aliuachia mkono wa kulia, akapeleka wa kushoto kwenye kishikizo cha kukazia nyuzi, akaukaza uzi taratibu huku akiimba beti nzima bila ala yoyote, jicho moja likiitazama mashine ndogo ya kupimia sauti iliyobanwa kwenye kichwa cha gitaa, kisha akarudi kwenye mdundo pale pale ulipopaswa kuwa. Beti ile nilikuwa nimeisikia mara nyingi kwenye rekodi nikiichukulia kuwa ni njia tu ya kufikia kiitikio. Usiku ule ndipo nilipoyasikia maneno yake, na nikaona kwamba wimbo mzima umejengwa juu yake.

Kupiga roki peke yako hakukuanza na kizazi hiki. Billy Bragg, kijana wa Barking, mashariki mwa London, aliyelipa pauni 175 mwaka 1981 ili aruhusiwe kuliacha jeshi baada ya miezi michache tu, alitoa mwaka 1983 rekodi yake ya kwanza yenye nyimbo saba zisizofikisha hata dakika 20 kwa jumla, na ndani yake hamna zaidi ya sauti yake na gitaa la umeme. Alipiga gitaa lile kwa ukali wa bendi nzima ya panki, na waliodhani kwamba mtu mmoja na gitaa lazima awe mwimbaji wa nyimbo za upole walilazimika kufikiri upya. Mfano wa PJ Harvey, mwanamuziki wa roki wa Uingereza, unanigusa zaidi. Mwaka 1993 alitoa albamu aliyorekodi na bendi, na kabla mwaka huo haujaisha akatoa nyingine yenye rekodi alizokuwa amejirekodia mwenyewe nyumbani kwa mashine ndogo ya kurekodia yenye njia nne za sauti, nyingi zikiwa ni za nyimbo zile zile. Nimezisikiliza zote mbili kwa miaka mingi, na ninaona kwamba ile ya nyumbani inatisha zaidi, kwa sababu hakuna kishindo cha ngoma cha kumkinga msikilizaji na anachoambiwa.

Sisi wa Kiswahili tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengi. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, unaoitwa leo Likasi, aliimba Kiswahili akiwa na gitaa kavu tu, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikipiga nyuzi za juu, hata asiyemjua angeapa kwamba wamekaa wawili. Mpiga gitaa wa roki anayekanyaga sakafu kwa kisigino ili apate mdundo, huku gumba lake likivuma kwenye uzi mnene, anaifanya kazi ile ile kwa vifaa vingine.

Lakini kazi hiyo inahitaji masikio, na hapa ndipo penye malalamiko yangu. Karibu na kaunta usiku ule walikuwapo watu waliozungumza habari za kodi za nyumba tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, tena kwa sauti ya kushindana na spika. Najua hoja ya upande wa pili, nami naiheshimu: roki ilikulia kwenye baa, si msikitini wala kanisani, na anayetaka kimya aende kusikiliza violini. Hata hivyo, kuitikia, kupiga makofi, hata kumrushia mwimbaji neno la utani, yote hayo ni kushiriki onyesho. Mazungumzo ya walioligeuzia jukwaa mgongo ni jambo jingine kabisa. Mbele ya bendi yanamezwa na kelele. Mbele ya mtu mmoja yanaingia ndani ya wimbo, na waliolipa tiketi wote wanalazimika kuyasikiliza. Kule Union Chapel, Islington, kanisa ambalo lina ibada zake hadi leo na usiku hugeuka ukumbi wa muziki, watu hukaa kwenye mabenchi ya mbao na hunyamaza bila kuamrishwa. Chumba cha baa hakiwezi kuwa kanisa, lakini wenye ukumbi wanaweza kubandika tangazo mlangoni, na fundi mitambo anaweza kusema neno kabla ya taa kuzimwa.

Tena kuna suala la riziki. Bendi ya watu wanne inahitaji gari, dereva, vyumba vya kulala na chakula katika kila mji, wakati mtu mmoja anaweza kupanda treni na gitaa lake mgongoni, na kwa wengi hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuwafikia wasikilizaji wa miji midogo. Kumbi zenyewe zinapungua: Music Venue Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2014 kuzitetea kumbi ndogo za Uingereza, iliripoti kwamba 125 kati yake zilipotea mwaka 2023 pekee. Kwa hiyo siwalaumu wenye kumbi kwa kubana matumizi, isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni ile desturi ya baadhi yao kujikatia sehemu ya mauzo ya fulana na sahani za muziki ambazo mwanamuziki amezileta mwenyewe. Mwaka 2022 umoja wa wasanii uitwao Featured Artists Coalition ulianza kutangaza orodha ya kumbi zisizokata chochote, na ningependa orodha hiyo iwe ndefu kiasi cha kutohitajika tena. Baada ya onyesho la Brixton, yule mwanamuziki alikunja nyaya zake mwenyewe, akasogea hadi kwenye meza pembeni ya mlango, akaanza kuuza sahani na kurudisha chenji kwa mikono ile ile iliyokuwa ikipiga gitaa. Hakuna aliyemsaidia kuipata pesa hiyo, na sioni kwa nini mtu mwingine agawiwe.