Malaika chini ya chokaa

Parokia kongwe hapa Uganda inapoanza kuchangisha fedha za ukarabati, swali la picha za ukutani haliko mbali: zibaki na ukungu wake, au ukuta upakwe ung'ae?

Wanaotaka kupaka wana hoja ambayo sisi wapenda historia huipuuza upesi mno. Kanisa ni nyumba ya sala, si makumbusho. Paa linavuja, kwaya inalowa. Nani atachangia kumsafisha malaika aliyefifia? Tena malaika mwenyewe Mzungu wa nywele za dhahabu, katika nchi ambayo mashahidi wake 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964.

Ninachokumbuka mimi ni Pickering, kanisa la parokia kaskazini mwa Uingereza. Kuta zake zilichorwa karne ya 15: Mtakatifu George na joka lake, Kristofa akimvusha mtoto mtoni. Baadaye zikafunikwa. Zilipofichuka mwaka 1852, kasisi aliona zitawavuruga waamini, akaamuru zipakwe chokaa tena. Miaka ya 1870 kazi ya kuzifunua ikaanza upya, na mafundi wakazijazia rangi mpya, hata leo ni vigumu kujua unatazama mkono wa nani. Aliyezichukia hakuziua, waliozipenda ndio waliozibadilisha. Katika makanisa mengine ya nchi hiyo, wataalamu wa karne ya 20 walipaka nta ili kulinda picha. Nta ikafungia unyevu ndani, rangi ikaanza kubanduka.

Kwa hiyo nauliza zaidi kinachopakwa kuliko kama kipakwe. Chokaa hupitisha unyevu. Rangi ya mafuta na lipu ya saruji huuzuia: maji yapandayo kutoka msingini hukwama, chumvi husukuma ukuta, picha hudondoka vipande. Si kwamba chokaa haina lawama. Fundi akikwangua ukuta kwanza ili ishike vizuri, amekwishaiua picha kabla ya kuchovya brashi.

Ningekuwa kwenye halmashauri ya parokia, fedha za kwanza zingekwenda kwenye mabati na mifereji. Picha zingepigwa kamera, kona kwa kona. Wakishikilia kupaka, iwe chokaa, bila kukwangua. Mashahidi wetu wachorwe kwenye mbao na kutundikwa mbele, naye malaika wa Kizungu akae nyuma yao, chini ya chokaa yake, mpaka wajukuu waamue kama wanamtaka.