Rivolva ya Risasi za 9mm: Inamfaa Nani Huku Mafinga?

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mbao hapa Mafinga aliniita kwake tuzungumze habari ya silaha yake. Anamiliki kwa leseni rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya .38 (namba hiyo ni ukubwa wa risasi), tangu enzi zile mbao zinauzwa kwa fedha taslimu na mtu anarudi usiku kutoka Makambako na mfuko wa pesa chini ya kiti. Shida yake ni risasi. Duka analonunulia limeshamwambia mara mbili kwamba za .38 zimekwisha, ila za 9mm zipo. Akaonyeshwa picha ya rivolva inayotumia hizo hizo 9mm, na ikamkaa moyoni. "Mwanangu," akaniuliza, "niibadilishe?"

Sikumjibu siku ile. Jambo lenyewe linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna ugomvi wa zaidi ya miaka mia kati ya aina mbili za risasi.

Risasi ya rivolva ina ukingo kwenye kitako, mpana kuliko ganda lenyewe. Ukingo huo ndio unaoizuia isizame kwenye tundu la silinda, na ndio unaosukumwa na ile nyota, kile chuma cha umbo la nyota katikati ya silinda, unapotoa maganda. Risasi ya bastola ya magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), kama hiyo ya 9mm, ina maisha mengine. Hulala juu ya mwenzake ndani ya magazini, na kama zingekuwa na kingo zingenasana. Kwa hiyo kitako kimefanywa kiwe sawa na ganda, na juu yake kidogo pamechongwa mfereji. Itie kwenye rivolva ya kawaida uone: nyota haina cha kushika.

Wamarekani walikutana na tatizo hili mwaka 1917 walipoingia vitani. Bastola yao ya jeshi, M1911 ya .45, haikutosha askari wote, na viwanda vya Colt na Smith & Wesson vilikuwa na uwezo wa kutoa rivolva kwa wingi. Jeshi halikutaka kubeba aina mbili za risasi hadi Ufaransa. Smith & Wesson wakatoa jawabu: kibati cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kinachoshika risasi 3 kwenye ule mfereji. Vibati viwili vinajaza silinda. Rivolva hizo ziliitwa M1917, na viwanda hivyo viwili vilitoa karibu 300,000. Baadaye kikaja kibati cha duara, mwezi mzima, kinachoshika risasi zote kwa pamoja. Silaha za leo za namna hii, ikiwemo ile aliyoonyeshwa mzee, nyingi bado zinategemea kibati hicho.

Nianze na sifa zake, maana anayezipenda hajarogwa. Mwenye kibati cha duara hahangaiki kutumbukiza risasi moja moja gizani; anaingiza zote kwa mkupuo. Wakati wa kutoa, maganda yote hutoka yameshikamana, wala hakuna moja linalobaki nyuma likajibana chini ya nyota, ajali ambayo watumiaji wa rivolva za kawaida wanaijua. Mwaka 1999 Jerry Miculek wa Marekani alipiga risasi 6, akajaza upya, akapiga nyingine 6, vyote kwa sekunde 2.99. Alitumia rivolva ya .45 yenye vibati hivi. Yule ni bingwa, mimi na wewe hatutafika huko, lakini hesabu yake inaonyesha mfumo wenyewe unaweza nini.

Halafu kuna nguvu. Ganda la .38 Special lina urefu wa milimita 29, kwa sababu lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, siku za baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa. Ganda la 9mm ni milimita 19 tu, na shinikizo linaloruhusiwa ndani yake ni kama mara mbili ya .38 ya kawaida. Kwenye mtutu mfupi tofauti hiyo unaisikia mkononi. Na risasi yenyewe ndiyo iliyoenea kuliko zote za bastola duniani, jambo lililomvuta mzee wangu tangu mwanzo.

Sasa upande ule mwingine, na hapa ndipo nilipomwomba akae chini.

Nilimpelekea kibati kimoja cha 9mm cha risasi 5, cha jamaa yangu aliyewahi kumiliki rivolva ya aina hiyo. Nikakilaza juu ya kioo cha meza. Kwa macho kilikuwa sawa kabisa. Nikakigusa kwa kidole, kikayumba. Jino moja lilikuwa limeinuka kwa unene wa karatasi. Jamaa alikibeba kwenye mfuko wa koti pamoja na funguo za lori, na baridi ya Mufindi mwezi wa saba unaijua, koti halivuliwi wiki nzima. Alipokitia kwenye silinda siku ya kulenga shabaha, silinda ikazunguka matundu mawili ikagoma. Vitako vilikuwa vinakwaruza chuma cha nyuma, triga ikawa nzito kama imefungwa kamba.

Lifikirie vizuri hilo. Mtu ananunua rivolva kwa sababu moja kubwa: haikwami kirahisi. Risasi ikikataa, anavuta triga tena, inakuja nyingine. Haijali kama baruti ni dhaifu, wala haina magazini yenye springi ya kuchoka. Ukiifunga kwenye kibati chembamba kinachopinda mfukoni, umechukua sifa yake kuu ukaitundika kwenye kipande chepesi kuliko vyote. Tena mifereji ya risasi hailingani kiwanda kwa kiwanda: kibati kinachobana vizuri za huyu, kwa za yule zinacheza. Kibati kikipotea, bei yake si kubwa. Tatizo ni kukipata. Ukiwa Nyololo au Igowole utakitafuta wapi?

Kuna la pili, ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye risasi ya rivolva, mdomo wa ganda hukunjwa ukabana kichwa cha risasi kwa nguvu. Ya 9mm haiwezi kukunjwa hivyo, kwa kuwa ule mdomo ndio unaoegemea ndani ya tundu na kuishikilia mahali pake. Kwenye silaha nyepesi, kama Ruger LCR ya 9mm ambayo haifiki nusu kilo, kila mlio unazitikisa zile zilizobaki, na vichwa vinaweza kutambaa mbele kidogo kidogo. Kikichomoza nje ya silinda, haizunguki tena. Huwezi kusema upige tu risasi ya pili.

Wapo waliojaribu kukwepa kibati. Smith & Wesson walitoa modeli 547 kuanzia mwaka 1980, nyota yake ikiwa na vidole vya springi vinavyoingia kwenye mfereji; ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa na haikudumu sokoni miaka mingi. Charter Arms nao wana Pitbull yenye wazo linalokaribiana na hilo. Na rivolva za kizamani za kutoa ganda moja moja kwa fimbo, kama Ruger Blackhawk inayokuja na silinda mbili, ya .357 na ya 9mm, hazina shida ya ukingo hata kidogo, kwa sababu fimbo husukuma kutokea ndani ya ganda. Kwa anayependa kulenga shabaha bila haraka, hiyo naipenda kuliko zote.

Nilirudi kwa mzee Jumapili iliyofuata na jibu langu. Nilimwambia hivi: kama angekuwa mtu wa kufanya mazoezi kila mwezi, ana vibati kumi ndani ya kopo gumu, kila kimoja anakipima kwenye kioo na kuzungusha silinda kwa kidole kabla ya kutoka, ningemwambia achukue, tena achague nzito ya chuma kitupu. Lakini yeye hupiga risasi mara moja kwa mwaka, pengine asipige kabisa. Silaha inakaa kwenye sanduku la chuma, na siku akiihitaji hatakuwa na nafasi ya kukagua meno ya kibati. Kwa mtu wa namna hiyo .38 yenye ukingo wake bado ni bora. Na akiona kweli risasi zake hazipatikani tena, basi aende moja kwa moja kwenye bastola ya magazini iliyotengenezwa kwa 9mm, ajifunze kuitumia upya, na leseni airekebishe kwa utaratibu wa polisi.

Hakufurahi sana. Ile picha ilikuwa imemkaa. Akaingia ndani akatoka na boksi lake la .38, akamwaga risasi mezani na kuzihesabu mbele yangu: 14. Akaniomba nimuulizie Iringa na Mbeya kama ziko.