Katuni ya kutisha: kazi ni ya komeo la mlango au ya uso wa mtoto?

Ukitaka kutengeneza katuni ya kutisha hapa Moshi, na una kompyuta moja na umeme wa kubahatisha, utakutana na swali hili mapema: nguvu uziweke kwenye vitu vidogo vya mandhari, au kwenye uso wa mhusika anayeviona?

Tuchukue tukio moja. Kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake) cha Marangu, saa moja jioni, Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Bibi yuko jikoni anamenya ndizi. Mjukuu anaingia na chemli.

"Mlango umeufunga?"

"Nimeufunga, Bibi."

Nyuma ya mtoto, pembeni mwa picha, komeo linaning'inia. Hakuna anayelitazama.

Wapenzi wa mandhari watakwambia hapo kazi imeshafanyika. Mtazamaji amejua jambo asilolijua mtoto, na hofu itamtafuna taratibu bila kelele yoyote. (Kishindo cha ghafla nacho hushtua, ila watu wakisharuka kwenye viti wanacheka, na ukicheka umeshapona.) Tena ni nafuu. Filamu huenda fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hushikiliwa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Uso unaobadilika kwa sekunde tano unadai michoro 60. Komeo kwa sekunde hizohizo ni mchoro mmoja tu.

Hoja ni nzuri, lakini komeo lina maadui wawili. Wa kwanza ni mchoraji mwenyewe. Mandhari hupakwa kwa brashi laini yenye vivuli, halafu kitu kitakachosogea huwekwa kwenye tabaka lake juu ya mandhari, mstari mkali, rangi bapa. Hata mtoto wa chekechea anajua mlango upi utafunguka: ule usiofanana na ukuta wake. Ndivyo inavyoharibika pia kwa jani la mgomba linalotakiwa kutikisika peke yake wakati mengine yametulia. Dawa yake ni kuchora majani matano au sita kwa mtindo mmoja kwenye tabaka hilo, kisha kulisogeza moja tu.

Adui wa pili ni kioo. Wengi wataiangalia kazi yako kwenye simu, ndani ya daladala, na mwanga umepunguzwa kulinda chaji. Giza ulilolijenga kwa vivuli vingi vya kijani, video ikishabanwa ili ipande mtandaoni kwa bando dogo, linageuka mabaka ya miraba. Kwenye kibanda umiza, runinga imepangwa rangi kwa ajili ya mpira, hivyo usiku wako unaweza kuonekana kama alasiri. Kabla hujaendelea, ipeleke fremu moja kwenye simu, shusha mwanga hadi nusu, mpe mtu asiyejua hadithi. Asipoliona komeo, usiongeze giza wala mshale. Weka mwanga wa moto nyuma yake, umbo lake lijichore lenyewe.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata uzito: uso hauhitaji kioo kikubwa. Macho mawili yanasomeka hata kwenye simu ya bei ndogo. Shida ni kwamba wachoraji wengi hutumia hazina yote kwa mara moja, macho yametoka, mdomo wazi, mayowe. Baada ya hapo uso hauna pa kupanda. Woga una mpangilio wake. Mboni hutangulia, kichwa hufuata fremu tatu au nne baadaye, mabega mwisho. Pumzi hukatika kabla ya sauti kutoka. Ukivigeuza vyote kwa pamoja, mtoto anakuwa mwanasesere aliyezungushwa.

Kuganda nako kuna mtego. Ukimwacha mhusika kwenye mchoro mmoja kwa sekunde mbili, mtazamaji atadhani video imekwama na ataigusa simu. Mchoro huohuo upitishwe kalamu upya mara tatu, kisha ile mitatu izungushwe. Mistari itatetemeka kidogo na mtu atabaki hai.

Nikilazimishwa kuchagua, nitaanza na mandhari, kwa sababu uso wenye hofu bila sababu iliyoonekana ni mbwembwe tu. Ila sehemu inayonivutia zaidi iko katikati ya kambi hizi mbili: mhusika anayetakiwa kushtuka, halafu hashtuki. Filamu ya vikaragosi ya Coraline ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Henry Selick, ilimpa mama wa pili wa msichana Coraline, yule wa ulimwengu wa bandia, vifungo badala ya macho. Hana mboni. Mtazamaji anatafuta hisia usoni na mahali pa kuzisomea hapapo.

Vifungo si lazima. Komeo ligonge ubao mara moja. Mboni za mtoto ziende mlangoni, kichwa kifuate. Bibi, aliyeulizia mlango ule mwenyewe, asigeuke. Muda wote awe amekuwa akipepesa macho kama binadamu yeyote, kila kupepesa fremu sita hivi. Kuanzia mlio ule wa komeo asipepese tena. Mkono wake uendelee kumenya ndizi kwa mwendo uleule. Michoro minane inayojirudia inatosha.