Kile kidirisha cha jikoni, nisikilizeni na mie

Jamani, kabla hamjaendelea kuiamini ile video alorusha rafiki yangu kwenye grupu la mtaa, ile nilonasa kwenye kidirisha cha jikoni, nisikilizeni na mie mwenye mwili. Kwanza sikuwa nadokoa chakula, jikoni hamna hata kijiko tokea mafundi waingie. Pili msuli nilojifunga kiunoni HAUKUVUKA wote. Tutafika huko.

Nyumba ya Migombani, hapa Unguja, mnaijua, ile ya babu ya miaka ya 50, kuta za mawe na chokaa, matundu ya hewa juu kwenye kuta, na baina ya jiko na ukumbi pana kidirisha cha kupitishia sahani. Mama watoto anataka jiko na ukumbi viwe kitu kimoja, kaona kwenye simu. Fundi kasema kidirisha tutakipanua ila taratibu, ukuta una unene wa futi moja na nusu na si wa matofali, ukiugonga ovyo unamwagika. Tena kakataza plasta ya saruji juu ya chokaa, ati unyevu unafungika ndani halafu rangi inavimba inabanduka, akanionesha ukuta wa chooni ulivyo. (Ule alipiga fundi wa shemeji, msiniulize mie.)

Basi juzi kamaliza kupanga taili za jikoni, akaondoka na onyo: masaa 24 asikanyage mtu, hata paka. Mie niko ukumbini nasikia simu inalia, kumbe nimeiacha kwenye chaji jikoni, juu ya meza ya zege pale pale chini ya kidirisha. Mtu mwenye akili angeiacha ilie.

Nikapitisha mkono, naikosa kidole kimoja tu. Nikaingiza bega, nikaingiza na la pili, nikajivuta, simu hii hapa, na mie nishazama mpaka kitambini. Nikapokea. "Mwanangu, tushafika, mlango tumeukuta wazi, tunaingia." Ile sauti naisikia mara mbili, kwenye simu na nyuma yangu.

Mama mkwe! Na wazee wake, wameshuka na boti kutoka Mkoani, Pemba, kuja kuona nyumba ya mtoto wao. Na pale ukumbini mie ni nusu mtu, ile nusu isiyosalimika.

Nikajirudisha nyuma haraka, fundo la msuli likanasa kwenye komeo la kidirisha. Mie narudi, msuli unabaki. Yaani kila nikisogea kidogo nasikia upepo unapanda, kwanza kwenye vifundo vya miguu, halafu magotini, halafu nikasimama hapo hapo kwa sababu juu ya magoti kuna bukta ya kulalia, na nyinyi mnajua bukta ya kulalia ya mtu mzima inavyokuwa.

Kimya. Nikaona bora nisalimie, nikapiga kelele kuelekea jikoni, "Shikamoo mama!"

"Marahaba," ikajibu sauti nyuma, taratibu, na adabu zake zote, akiiambia bukta. "Hujambo?"

"Sijambo mama, karibuni, kaeni!" Wakae wapi, viti vyote viko uani.

Mzee mmoja akauliza, "Kafanyani huyu?"

Mama mkwe akajibu, "Anatengeneza nyumba."

Nikainua kichwa nipate pumzi, dirisha la jikoni halijatiwa kioo bado, na nje kasimama rafiki yangu wa roho, simu juu, hata hajacheka, mkono umetulia kama wa mpiga picha wa harusi. Nikamwambia kwa macho aifute. Mumeiona wenyewe jinsi alivyoifuta.

Mengine hayana maana. Yalitumika mafuta ya nazi, wazee wakavuta miguu, na rafiki akaingia kwa mlango wa nyuma na mabuti yake kunisukuma kichwa, akizikanyaga taili zote alizokatazwa paka. Nikatoka, nikafunga msuli vizuri, nikawapeleka wageni kuona vyumba. Hakuna aliyetaja kitu mpaka wameondoka.

Fundi kazing'oa taili zilizozama na zilizovunjika. Anayejua duka la Darajani lenye taili za rangi ya maziwa, 60 kwa 60, anambie, lakini aje inboksi. Hapa mkiandika naona vicheko tu.