Namba ya bunduki inasema nusu ya habari

Tuseme mkulima wa Nyangao, mkoani Lindi, anachimba shimo la mkorosho, jembe linagonga chuma. Mtutu, bolti (kile chuma cha kufungia risasi nyuma ya mtutu) iliyoganda kwa kutu, na kitako hakuna: mchwa walishamaliza kazi zamani. Mahiwa ni pua na mdomo na hapo, na Oktoba 15 hadi 18, 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na ya Waingereza yalipambana huko, maelfu wakauawa au kujeruhiwa. Bunduki hii ni ya nani, na ya mwaka gani?

Wapo wanaosema: soma namba, kazi imekwisha. Hawajakosea sana. Bunduki ya Mjerumani, Mauser ya mwaka 1898, imegongwa jina la kiwanda na mwaka juu ya chuma kinachoshika mtutu, kwa mfano Danzig 1916. Lee-Enfield ya Mwingereza ina taji, herufi za mfalme na mwaka kwenye pete ya chuma shingoni mwa kitako. Hayo hayabishaniwi. Tatizo ni kuitazama namba peke yake. Viwanda vya Kijerumani vilianza kuhesabu upya kila mwaka: vikifika karibu elfu kumi, vinarudi mwanzo na kuongeza herufi. Kwa hiyo namba ileile na herufi ileile inaweza kuwa ya Danzig 1916, au ya Spandau 1917. Bila jina la kiwanda na mwaka, namba haikwambii kitu.

Upande wa pili unasema tazama vipande. Kiwandani, bolti na mtutu vilipewa namba moja. Zikitofautiana, ujue kuna mkono wa fundi. Wakusanyaji wa Ulaya huishusha bei bunduki ya namna hiyo. Kwetu Kusini mimi naiona kinyume. Askari wa Mjerumani waliokatiwa njia ya bahari (shehena ya silaha ya meli Marie iliyotia nanga Sudi, pwani ya Lindi, mwaka 1916 ilikuwa bahati) walitengeneza walichokuwa nacho kwa walichookota. Bunduki ya viraka ndiyo yenye historia ya hapa.

Ila vipande navyo vina hila zake. Mwaka 1916 Wareno waliotawala Msumbiji walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, na mwaka haukuisha kabla hawajatimuliwa. Bunduki yao ya mwaka 1904 ilitengenezwa Berlin, na jina la kiwanda limeandikwa ubavuni kwa Kijerumani. Anayesoma hapo tu atatangaza amepata bunduki ya Mjerumani. Akigeuza jicho juu ya chuma ataona taji na herufi za Mfalme Carlos wa Kwanza wa Ureno. Hata hivyo mjadala hauishi, kwa sababu Novemba 25, 1917, Wajerumani walivuka Ruvuma, wakawapiga Wareno Ngomano na kubeba silaha zao. Mwaka mmoja baadaye waliposalimu amri Abercorn (leo Mbala, Zambia), bunduki walizokabidhi zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Basi ya Kireno iliyookotwa inaweza kuwa ilidondoshwa na Mreno, au na askari wa Mjerumani. Namba haitaamua hilo. Mahali ilipolala, na maganda ya risasi yaliyoizunguka, yanaweza.

Ndiyo maana kwa chuma kilichooza ningeanza na mdomo wa mtutu, si namba. Milimita 11 ni Mauser kuukuu ya 1871, ile ya baruti yenye moshi iliyomfichua askari porini. 7.9 ni ya 1898, 7.7 ya Mwingereza, 6.5 ya Mreno. Rula haitoshi kutenga 7.9 na 7.7; kalipa ya fundi, kipimo cha taya kinachosoma sehemu za milimita, ndiyo inayofaa, lakini polisi waitwe kwanza: risasi iliyobaki ndani miaka mia bado inaweza kufyatuka, na kukaa na silaha bila kibali ni kosa.

Na wazee wanaosema "hii ya babu, ya Majimaji"? Mwaka uliogongwa ni wa kuzaliwa kwa bunduki, si wa kufika Lindi. Ukisoma 1912, vita vya 1905 hadi 1907 imevikosa. Ukisoma 1890, babu hajathibitishwa wala hajakanushwa.

Mshindani wa pande zote mbili ni mnunuzi wa chuma chakavu. Yeye hupima kilo, na mizani yake haina pa kuandika namba wala shamba chuma kilikotoka.